Njia ya miguu na baiskeli kutoka Lushoto hadi Mtae: tuanzie wapi ili vijiji vya katikati vinufaike?

Mjumbe wa Kijiji:

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za leo. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja kilichopo kati ya Lukozi na Mtae, wilayani Lushoto, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limetugawa kwa miezi kadhaa. Kwa miaka mingi watalii wamekuwa wakitembea kutoka Lushoto mjini, wakikatiza msitu wa Magamba, wakipita Lukozi na Rangwi, hadi Mtae, ambako mtu husimama ukingoni mwa mlima na kuiona nyika ya Mkomazi imetandazwa chini yake. Kwetu sisi hupita tu. Tunasalimiana nao asubuhi, watoto wanawasindikiza hadi kwenye daraja la magogo, na ikifika saa nne hakijabaki kitu isipokuwa alama za viatu kwenye udongo mwekundu.

Sasa vijana wetu wamependekeza njia rasmi ya miguu na baiskeli itakayounganisha vijiji vitano, na amejitokeza mfadhili aliye tayari kulipia vibao na ramani. Baadhi ya wajumbe wanataka tupokee fedha hizo mwezi huu huu. Mimi nasita, na sababu yangu ni ndogo lakini inaninyima usingizi: kipande kimoja cha njia hiyo kinapita juu ya tuta la shamba la kabichi la mama mmoja mjane, na tuta lenyewe ni jembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja lazima akanyage kabichi. Mama huyo hajaulizwa na mtu yeyote. Je, ridhaa ya wenye mashamba hupatikanaje kwa utaratibu unaokubalika? Waendao kwa miguu na wapanda baiskeli wapitishwe njia moja? Na mapato yagawanywe vipi?

Mwongoza Watalii, Lushoto:

Ndugu Mjumbe, nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, tangu siku zile ambapo utalii wa kitamaduni ulikuwa bado mchanga hapa Lushoto baada ya kuanzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Waholanzi. Jambo nililojifunza kwa miguu yangu mwenyewe ni kwamba fedha ya mgeni hubaki pale anapolala. Akipita kijijini kwako saa tatu asubuhi, akiwa amekunywa chai alikolala na amebeba maji yake mgongoni, hata ukimwekea kibao cha dhahabu hatakuachia kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia vibao, chukueni kalamu mpime saa za kutembea. Mgeni wa kawaida hutembea saa tano hadi sita kwa siku katika milima hii, maana kupanda na kushuka kunachosha kuliko urefu wenyewe wa njia. Rangwi imefanikiwa kuwa kituo kwa sababu masista wana nyumba ya wageni iliyo safi na yenye chakula cha moto, tena iko mahali ambapo miguu imekwisha kuchoka. Irente nako, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini, wageni huketi shambani wakala mkate, jibini na jamu vilivyotengenezwa palepale, na kila tonge linamlipa mtu wa Irente. Nanyi jiulizeni: kijijini kwetu mgeni atafika saa ngapi, na wakati huo mwili wake utakuwa unataka nini? Kama ni saa sita mchana, basi anzeni na mama lishe mmoja mwenye banda la kivuli, choo safi na maji ya kunawa, kwa bei iliyoandikwa ukutani.

Niongeze moja tu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza watalii awe na leseni, kwa hiyo msiwaachie vijana wenu wakaanza kuongoza wageni kienyeji. Wasomesheni wawili au watatu mapema.

Afisa Misitu Mstaafu:

Mheshimiwa Mjumbe, wasiwasi wako kuhusu tuta la kabichi si mdogo hata kidogo. Wazee wa Mlalo na Mtae wanakumbuka namna serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha Wasambaa kuchimba matuta mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo lenye maana, lakini lilikuja kwa amri na faini, watu wakalikataa, na mpango wote ukaanguka kabla ya uhuru. Njia ya watalii ikiletwa kwa mtindo huo huo, kibao kikisimikwa mchana, usiku kitakuwa kuni.

Kwa upande wa utaratibu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiipi ruhusa ya kumwamulia mjane yule kana kwamba shamba si lake. Mwendeeni nyumbani, akiwa na ndugu zake, muitembee njia pamoja naye. Huenda akakubali njia ihamishwe hatua ishirini hadi kwenye mpaka wa shamba. Akikubali, makubaliano yaandikwe, yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kuingizwa kwenye muhtasari. Baadaye mnaweza kutunga sheria ndogo ya matunzo ya njia, ambayo itapita mkutano mkuu na kisha halmashauri ya wilaya.

Kipande kinachoingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba kina mwenyewe, nao ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Humo kuna viingilio na masharti, na ni vyema mkaonana na mhifadhi kabla hamjachora mstari wowote kwenye ramani.

Kuhusu baiskeli, nashauri zisipitishwe kwenye vijia vya matuta. Gurudumu linalofunga breki kwenye udongo uliolowa huchora mfereji, na mvua inayofuata huufuata mfereji huo hadi unakuwa korongo. Wapanda baiskeli wapewe barabara za udongo za kijiji hadi kijiji, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, vipande vyenye mteremko mkali vifungwe kabisa.

Fundi Baiskeli, Mombo:

Ninaunga mkono hayo ya breki. Kutoka Lushoto hadi hapa Mombo ni kama kilomita 33, na kimo kinashuka karibu mita elfu moja. Niliwahi kuletewa baiskeli ya kukodi ambayo padi zake zilikuwa zimelika zikaisha, chuma kinasugua rimu, na aliyeipanda alikuwa anatetemeka mikono. Barabara ile ni nyembamba, ina kona kali, na malori ya mboga hayana subira. Tafadhali msiiweke kwenye njia yenu kama kivutio. Na kila kijiji cha kulala kiwe na mtu mmoja tu anayejua kuziba pancha na kukaza spoku, mwenye pampu, tyubu za akiba na padi. Kijana mmoja nitamfundisha bila malipo, aje na daftari.

Mkazi wa Rubavu:

Ninawasalimu kutoka Rwanda. Huku tuna njia iitwayo Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, iliyofunguliwa mwaka 2011. Ilipangwa kutembewa kwa siku kumi au kuendeshwa baiskeli kwa siku tano. Nimeishi pembeni mwake, na ninachokiona ni kwamba wageni wengi hawana siku kumi. Huchukua kipande cha siku mbili au tatu, wakalala Kinunu penye kituo cha kuoshea kahawa, wakatazama kahawa ikianikwa na kuchaguliwa kwa mikono, kisha wakarudi kwa mashua au gari. Kahawa ile ingeoshwa hata bila wageni, na ndiyo maana inapendeza: ni kazi ya kweli. Nanyi mna soko, mna mapera na maplamu, mna vitalu vya mboga. Msitengeneze maonyesho. Mgeni apite siku ya soko. Na kila kipande cha njia kiwe na mwanzo na mwisho wake, penye usafiri wa kurudi.

Mjumbe wa Kijiji:

Nawashukuru sana nyote. Mzee wangu wa misitu, tulikwenda kwa yule mama Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti, mimi na shemeji yake. Tulitembea naye polepole kutoka kisimani hadi mwisho wa shamba. Alituonyesha mwenyewe mahali ambapo babu yake aliacha ujia kati ya mashamba mawili, ambao umezibwa na magugu kwa sababu watu walizoea kukatiza kwake. Amekubali njia ipite hapo, kwa sharti kwamba kijiji kiufyeke na kiweke mawe penye utelezi. Kisha akauliza kama wageni hunywa maziwa ya mgando.

Mfadhili nimemwomba fedha za vibao zisubiri, na sehemu yake ielekezwe kwenye choo, banda la kivuli karibu na daraja na mafunzo ya vijana wawili. Hajajibu bado. Suala la mgawanyo wa mapato hamkuligusa, nami naona ni kwa sababu bado hakuna cha kugawana, ila ningependa kanuni iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza. Pendekezo langu ni kwamba anayelaza na anayelisha alipwe moja kwa moja mkononi, na kijiji kichukue ada ndogo kwa kila mgeni kwa stakabadhi, iingie akaunti ya kijiji kwa ajili ya kufyeka njia na kulipa wanaoitunza. Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Fundi, kijana wetu atashuka Mombo Jumatatu na gari la asubuhi, na daftari anayo.