Mrejesho: mota ya N20 kwenye gari la LEGO, sasa linatembea

Niliuliza kwa nini kiunganishi nilichochapa kwa printa ya 3D kati ya mota ya N20 (mota ndogo yenye gia) na ekseli ya LEGO kinateleza. Ahsanteni sana, mlikuwa sahihi: shimo lilikuwa duara. Shafti ya N20 ni mm 3, ila upande mmoja umekatwa bapa, hubaki mm 2.5. Nimechora shimo la umbo la D na kuongeza nafasi ya mm 0.1, kwa kuwa mashimo yaliyochapwa hutoka madogo. Upande wa ekseli ni msalaba wa mm 4.8.

Kukichapa kiunganishi kikiwa kimesimama ni kosa, kilikatika kwenye tabaka. Kilazeni, kuta 4 (mistari ya nje ya kila tabaka). Kishikilia mota tumieni PETG, plastiki inayostahimili joto kuliko PLA. Cha PLA kililegea mota ilipopata moto, gia zikaruka meno.