Mrejesho: Kaka aliyekula mtaji wa duka nimemsamehe, ila funguo simpi

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyewaomba ushauri kuhusu kaka yangu, yule niliyemwachia duka la vipodozi nilipokwenda kujifungua, nikarudi nikakuta rafu tupu.

Kikao kilifanyika kwa baba mdogo. Kaka aliomba radhi mbele ya wote, nami nikampa mkono kwa moyo mweupe. Kumbe kazi ilikuwa bado! Wazee wakataka nimrudishe dukani palepale, eti damu nzito kuliko maji. Nikajibu kwa adabu kuwa msamaha nimeshatoa, lakini kumrudisha auze dukani kwangu hapana. Shangazi akanuna, akasema nina kinyongo. Mama ndiye aliyenishangaza: "Mwacheni, analea mtoto."

Kwa kweli kaka mwenyewe hanisumbui kama wanavyonisumbua wanaomtetea. Sikukuu tulikula kwake, watoto wakacheza mpaka usiku. Ila namba ya siri ya simu ya miamala nimebadilisha, na aliponiomba nimdhamini mkopo wa kikoba nilikataa bila kumpa sababu ndefu. Nimegundua ukieleza sana unafungua mnada.

Mlioniuliza kuhusu kuandikishana deni la mtaji alioula: ndiyo, tuliandika karatasi kwa mjumbe wa shina, mashahidi wakasaini pande zote mbili. Analipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita aliruka, nikamkumbusha, akatuma nusu.