Mrejesho: kadi za michoro au ASIC?

Wakuu, niliuliza kipi kinalipa zaidi kwenye kuchimba sarafu za kidijitali, kadi za michoro za kompyuta au mashine ya ASIC (iliyoundwa kwa kazi ya kuchimba tu). Asanteni sana, majibu yenu nimeyafanyia kazi.

Kadi nimeziweka pembeni. Tangu Ethereum iachane na uchimbaji Septemba 2022, sarafu zilizobaki za kuchimba kwa kadi hazirudishi hata pesa ya umeme kwa bei ninayolipa. Uzuri wake ni kwamba ukiacha, kadi unamuuzia mcheza gemu. ASIC haina kazi nyingine.

Nilibaki na ASIC mbili za kuchagua, zote Antminer za kuchimba Bitcoin. S19 Pro iliyotumika inatoa terahashi 110 (majaribio trilioni 110 ya hesabu za uchimbaji) kwa sekunde na kula wati 3250, yaani uniti 78 kwa siku. S21 inatoa 200 kwa wati 3500, uniti 84. Uniti 6 tu za ziada, kazi karibu maradufu! Na tangu Aprili 2024 malipo ya kila bloku (fungu la miamala ambalo mchimbaji hulipwa kwa kulikamilisha) yamepungua nusu hadi bitcoin (BTC) 3.125, kwa hiyo umeme ndio unaoamua. S19 Pro ni rahisi kununua, ila bili inaimaliza.

Hesabu za mapato nimezipunguza makusudi, maana vikokotoo vya faida huchukua ugumu wa uchimbaji wa leo wakati mtandao huurekebisha kila bloku 2016, kama wiki mbili hivi, na ukipanda mapato hushuka.

Aliyenionya kuhusu kelele, ubarikiwe. Nilienda kuisikiliza ASIC ikiwaka: feni zinavuma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti.

Nachukua S21, fundi akishamaliza kuvuta laini yake peke yake ya umeme.