Naomba ushauri: mama anasahau sana na vitamini D imetoka chini

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 74, tupo Tanga, siku hizi kusahau kumezidi, anaswali adhuhuri halafu baada ya muda kidogo anatandika tena mswala anauliza hivi nimeshaswali? Daktari anahisi inaweza kuwa mwanzo wa Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu taratibu, ila hajathibitisha, kaagiza vipimo vya damu na vitamini D ikatoka 11, wakati chini ya 20 ndo wanahesabu upungufu. Jua la huku lipo bwelele ila yeye mtu wa ndani, akitoka ni baibui na ushungi, na ngozi ya mtu mzima nayo haitengenezi kama ya kijana.

Kaandikiwa vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, ameshaanza. Shangazi zangu wanasema akimaliza dozi akili inarudi, mi sina uhakika, maana nilivyosoma wenye upungufu mkubwa wanaonekana kupata Alzheimer zaidi lakini haijathibitika kwamba kumeza vidonge kunaizuia au kuitibu, na ukizidisha vidonge, kalsiamu inapanda kwenye damu mtu anachanganyikiwa zaidi.

Sasa naomba kujua, kuna ambaye mzazi wake alitumia akaona mabadiliko ya kumbukumbu kweli au inasaidia mifupa tu? Pili, mama ana kisukari, dawa ya metformin kaitumia miaka mingi na najua inaweza kushusha vitamini B12, ambayo ikipungua nayo inasahaulisha, je nimwombe daktari apime B12 na thairoidi (tezi ya shingoni) kabla hatujakubali kwamba ni Alzheimer? Natanguliza shukrani.