Naombeni ushauri: mama haridhiki na chochote siku hizi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 74, naishi naye Mbagala tangu mwaka jana. Zamani alishukuru hata kwa uji mtupu. Sasa kila kitu kina kasoro. Jana nimempikia changu wa nazi kama alivyonifundisha mwenyewe, akaonja, akasukuma sahani: "Hauna chumvi huu." Nikaonja, chumvi imekolea kabisa.

Najua uzee hupunguza kunusa na kuonja, na baadhi ya dawa za presha hubadilisha ladha, naye anazimeza kila siku. Lakini mbona hata shuka na feni analalamikia? Ni umri, au upweke wa kuacha shamba lake Rufiji? Mliolea wazazi wazee, mlianzia wapi? Inaniuma sana kumwona hana raha.