Mmempa kazi mtu ambaye hakuingia hata kwenye usaili, halafu barua yangu mnakataa kuigonga muhuri

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, Ngamiani, naandika hapa nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanisamehe nikichanganya mambo.

Kuna halmashauri moja ya mkoa wetu huu, jina silitaji kwa sasa, ilitangaza nafasi 2 za Katibu Mahsusi. Sifa wenye fani wanazijua, kidato cha nne, diploma ya uhazili (kazi za ukatibu), hatimkato, yaani yale maandishi ya mkato ya kunakili mtu anavyosema, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika. Hayo maneno 100 kwa dakika mtu asiyeyasomea anaona kama kitu kidogo, mimi yamenichukua miaka na hela ya mama yangu anayekaanga mihogo mpaka saa 4 usiku. Nikaomba. Usaili wa kuandika nikapita, wa vitendo nikapita, tukabaki watu 3 tukaingia kwa mdomo. Mwenzetu mmoja akaitwa kazini, ni halali yake kabisa, yule anajua kazi. Nafasi ya pili nikaambiwa "bado inashughulikiwa, subiri simu".

Nikasubiri weee. Wiki ya sita nikaenda mwenyewe kuulizia, nakuta kuna dada amekaa kwenye ile meza. Sikumuona kwenye usaili hata hatua moja na jina lake halikubandikwa ubaoni popote, ile orodha nimeipiga picha yote ninayo. Nimesimama pale naulizia, mkubwa wake akatoka ndani akaanza kumtajia barua aandike, yule dada akatoa simu akamwambia bosi rudia nakurekodi. Jamani. Nilihisi kama nimepigwa kofi.

Sina ugomvi na yule dada, huenda na yeye ana shida zake nyumbani. Ugomvi wangu ni na waliomleta. Nilipouliza wakasema yule yupo kwa muda tu. Mtu wa muda ana cheki namba, ile namba ya mshahara ya mtumishi wa serikali? Maana mwenyewe alimwambia mwenzake mbele yangu kuwa cheki namba yake imetoka na mshahara umeingia. Kuja mara ya pili lugha ikabadilika, wakasema ametoka kwenye kanzidata. Sawa, kanzidata ipo, ni ya watu waliofaulu usaili wakakosa nafasi, basi nionyesheni alifanya usaili gani na lini. Aliyefaulu hatimkato harekodi barua kwa simu!

Sasa kinachoniua ni hiki. Niliandika barua ya malalamiko kurasa 2, nakala 2, moja yao na moja yangu igongwe muhuri wa kupokelewa niondoke nayo. Mama wa masijala, pale barua zinapopokelewa, akaisoma yote mpaka mwisho, akairudisha dirishani akasema mwanangu hii siwezi kuipokea mpaka mkubwa aione. Mkubwa yuko wapi, kasafiri Dodoma. Wiki iliyofuata mkubwa yupo kikaoni. Nikamwomba basi mama niandikie hata kwenye dispachi, lile daftari la barua, kwamba nilifika leo na barua, akaangalia pembeni. Na muhuri upo pale mezani nauona, umelalia pedi ya wino, nikinyoosha mkono naufikia. Nimeenda mara 5 mpaka leo.

Mtauliza kwanini nimeng'ang'ania muhuri. Nilienda kwa wakili mmoja jirani na mahakama, Mungu ambariki hakunitoza hata mia, akanieleza kwamba uteuzi wa namna hii unaweza kuupinga Mahakama Kuu, na hapa hapa Tanga ipo. Unaomba mahakama iupitie uamuzi wa halmashauri na kuutengua, lakini kwanza uombe kibali cha kufungua hayo maombi, na hicho kibali unatakiwa ukiombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanyike, ndo kanuni za 2014 zinavyosema. Halafu akaniuliza, uamuzi unaoupinga uko wapi? Barua ya kumpa yule kazi ina tarehe gani? Ulilalamika lini na ushahidi uko wapi? Nikabaki namtazama. Ndo nikaelewa kwanini muhuri haugongwi. Hawajasahau wala hawako bize, wanaisubiri miezi 6 ipite!

Na Katiba iko wazi jamani. Ibara ya 22(2) inasema kila raia anastahili fursa na haki sawa ya kushika nafasi ya kazi yoyote iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Haijasema raia mwenye mjomba. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda Katiba na sheria, na ndo hiyo hiyo Jaji Lugakingira aliitumia kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila miaka ya 90 akasema mwananchi wa kawaida anaweza kusimama kwa niaba ya umma. Likaja badiliko la sheria la 2020, likasema ukifungua kesi ya haki za msingi lazima uapie jinsi wewe binafsi ulivyoathirika. Mimi nimeathirika ndio, ila mimi sina hela wala jina. Kuna mzee hapa mtaani mstaafu, anazijua hizi taratibu kuliko mimi na alikuwa tayari kusimama kwa niaba yangu, ila kwa badiliko lile akarudi nyuma.

Na hata wakubwa wakienda ni hivyo hivyo. Profesa Assad aliondolewa kwenye kiti cha CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Novemba 2019, mwanasiasa Zitto Kabwe akaenda mahakamani, Mahakama Kuu kuja kusema kule kumuondoa kulivunja Katiba ilikuwa Desemba 2022, miaka 3 imepita na mwingine yupo kwenye kiti anatoa ripoti. Mimi napewa miezi 6 niwe nimekamilisha kila karatasi, wao hukumu inachukua miaka 3. Vukeni mpaka wa Horohoro hapo mwende kwa majirani zetu Kenya, Rais Ruto aliteua makatibu waandamizi (CAS, wasaidizi wa mawaziri) 50 mwezi wa 3 mwaka 2023, mwezi wa 7 tu Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema wote 50 uteuzi wao ni batili. Miezi minne! Na hao ni watu wa rais, siyo karani wa halmashauri.

Kuna mtu ataniambia dada achana nao, tafuta kazi nyingine. Nimeambiwa sana hayo na mama mwenyewe kaniambia, anaogopa jina langu litachafuka nisiitwe popote. Mimi nasema hapana, ile meza ni yangu, niliishinda mbele ya watu 3 waliokuwa wananisikiliza na maksi zangu wanazo.

Kwahiyo naomba mnaojua mnisaidie, haswa mlio kwenye utumishi na sheria. Masijala ikikataa kupokea barua, nikiituma kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta, risiti yake mahakama inaikubali kama ushahidi kwamba nilipeleka? Na nakala nikituma Sekretarieti ya Ajira na kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nitume zote siku moja au nisubiri hawa wakatae kwanza? Leo ni miezi 4 na siku 11 tangu yule aanze kazi. Kesho saa 2 asubuhi nipo pale dirishani tena.