Birika linakata umeme, chai ya maziwa inachacha: jiko la ofisi lina shida gani?

Swali:
Wakuu, habari za kazi. Ofisi ina watu 18, jiko lina soketi moja. Birika la umeme la wati 2,200 na maikrowevu viko kwenye ekstensheni moja. Saa nne umeme unakatika. Chai ya maziwa ikifika saa saba imechacha. Tufanyeje?

Jibu la 1:
Mkuu, acheni hiyo ekstensheni leo hii! Plagi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba takriban wati 3,000. Birika 2,200, maikrowevu ikivuta 1,200, jumla 3,400. Plagi ikiwa ya moto au imegeuka kahawia, itupeni. Fundi awavutie laini ya pili. Kwa sasa washeni kimoja kimoja.

Jibu la 2:
Naongezea kwenye chai. Msichanganye maziwa kwenye chupa ya chai. Suuzeni chupa kwa maji yaliyochemka, tieni chai ya rangi iliyochujwa (majani yakibaki ndani inakuwa chungu), maziwa yakae chupa ndogo peke yake. Kizibo ndicho kinachosahaulika: fungueni ule mpira wake, mtakuta utando wa maziwa ya jana. Uchachu unaanzia hapo.

Kama maji ni ya kisima, huenda birika lina ukoko mweupe chini, na huo hulichelewesha kuchemsha. Siki nusu kikombe, maji nusu lita, chemsha, acha nusu saa, suuza. Kisha chemsha maji matupu, mwaga.

Aliyeuliza:
Ahsanteni sana. Mpira wa kizibo kweli una utando. Fundi anakuja kesho.